Nyumba Njema si Mlango: Kazi Isiyoingia Katika Hesabu



Kuna jibu moja ambalo karani wa sensa hulisikia katika nyumba nyingi anapouliza habari za mama wa nyumba hiyo: "Huyu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Mara nyingi anayejibu ni mume, na mara nyingi mama mwenyewe yupo papo hapo, anachochea moto au amembeba mtoto mgongoni, wala hapingi. Vijana wa mijini wamembunia hata jina la utani. Mke wa namna hiyo humwita "golikipa", kwa maana ya mtu anayebaki golini wakati wenzake wanacheza. Wanasahau kwamba golikipa naye ni mchezaji, na kwamba timu ikimkosa, washambuliaji wake hata wakiwa hodari namna gani, mechi haiishi salama.

Juma hili napenda tulitafakari jibu hilo kwa kumfuata mchumi mmoja ambaye, akiwa bado kijana katika taaluma yake, alilazimika kuamua kama jibu hilo ni la kweli. Jina lake ni Phyllis Deane. Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo. Kuihesabu kazi ya nyumbani ni suala la haki, wala halitakiwi kuachiwa wataalamu wa takwimu peke yao. Kazi isiyoandikwa popote hutumiwa na wengi na kulipwa na mmoja, na anayeilipa huwa ndiye aliyeifanya.

Phyllis Deane alizaliwa mwaka 1918, akasoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1941, kabla hajatimiza miaka 25, akaajiriwa na taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii iliyokuwa London. Ulikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka huo huo James Meade na Richard Stone, wakiungwa mkono na John Maynard Keynes, walikuwa wametayarisha hesabu mpya za pato la Uingereza, ili serikali ijue nchi inazalisha kiasi gani na vita vitagharimiwa vipi. Hesabu hizo zilifuata kanuni ya wafanyabiashara: kila kinachotoka mahali pamoja lazima kionekane kimeingia mahali pengine. Kutokana na kazi ya namna hiyo ndipo kilipokua kipimo tunachokisikia leo kila mwaka bajeti inaposomwa, yaani pato la taifa.

Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya viwanda, ambako watu wengi walilipwa mshahara na karibu kila kitu kilinunuliwa dukani. Swali likazuka: je, kinaweza kutumika katika makoloni? Kazi ya kulijibu swali hilo akapewa binti huyo. Kwanza aliifanya akiwa London, kwa kutumia ripoti na takwimu zilizokuwa zimeandikwa na wengine, akichunguza Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, pamoja na Jamaika. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1948. Lakini aliona mapema kwamba meza ya London haitoshi. Baada ya vita akasafiri mwenyewe hadi Afrika ya Kati, akaenda vijijini, akauliza watu wanalima nini, wanakula nini, na nani anafanya nini tangu alfajiri hadi usiku. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mchumi huyu aliufungua mlango.

Alikuta nini ndani? Alikuta maisha ambayo mpaka wa vitabu vyake haukuweza kuyagawa. Mtu akilima ulezi, mchumi wa siku zile alikuwa tayari kusema kwamba huo ni uzalishaji, hata kama ulezi huo hauuzwi. Lakini ulezi mbichi haulishi mtu. Lazima upurwe, usagwe, upikwe. Lazima zipatikane kuni na maji na kitoweo. Kwa nini hesabu ikubali kazi ya shambani na kuikataa kazi inayofuata, ilhali bila hiyo ya pili ile ya kwanza haina faida? Na je, pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa ajili ya watu waliokuja kusaidia kulima, hiyo ni kazi ya jikoni au ni ujira wa vibarua? Deane aliona kwamba katika kijiji cha namna ile hakuna mstari wa asili unaotenga shughuli za uchumi na shughuli za nyumbani. Mstari huo huchorwa na mwandishi wa hesabu. Yeye akatoa hoja kwamba haiingii akilini kulipima pato la wanakijiji huku ukiacha nje utayarishaji wa chakula na ukusanyaji wa kuni, kazi zilizochukua sehemu kubwa ya siku ya mwanamke.

Hakuwa akizua jambo lisilo na ushahidi. Mtafiti wa mila na maisha ya jamii, Audrey Richards, alikuwa ameishi miongoni mwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1930, na mwaka 1939 alichapisha kitabu kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula chao. Humo alieleza jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayepanga mipango ya kilimo. Katika majira ya kazi nyingi za shamba, familia iliweza kukosa mlo ingawa nafaka ilikuwamo ghalani, kwa sababu mama alirudi amechoka mno kuweza kusaga, kutafuta kuni na kutafuta kitoweo. Njaa ya siku hiyo haikutokana na uhaba wa ulezi. Ilitokana na nguvu za mtu mmoja kuisha kabla ya kazi kuisha. Lakini mtaalamu aliyeangalia ghala peke yake angeandika kwamba nyumba hiyo ina chakula.

Huenda msomaji akauliza: na kama kazi hiyo haikuandikwa, nani aliumia? Chakula si kiliendelea kupikwa?

Tazama hali ya nchi hiyo hiyo ya Rhodesia ya Kaskazini wakati huo. Utajiri wake ulitoka katika migodi ya shaba ya Kitwe, Mufulira na kwingineko katika ukanda ule. Wanaume wengi waliacha vijiji vyao kwenda kuchimba. Ujira wao ulipangwa kwa kiasi kikubwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kwa dhana kwamba mke na watoto waliobaki kijijini watajilisha wenyewe. Basi fikiri sawasawa. Nani alimlea mchimbaji huyo tangu utoto hadi akapata nguvu za kuingia mgodini? Nani alimuuguza aliporudishwa akiwa mgonjwa? Nani alimpokea alipozeeka? Gharama hizo zote zililipwa na kijiji, na zaidi na wanawake wa kijiji, kwa jasho ambalo halikuandikwa mahali popote. Shaba ilionekana katika hesabu ikiwa na bei nzuri. Mkono uliomlisha mchimbaji haukuonekana, na kwa kuwa haukuonekana, kampuni haikudaiwa kitu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuisoma habari hii kama hadithi ya nchi ya jirani. Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, wale walioitwa manamba, wengi wao waliacha wake zao Songea, Kigoma na hata Burundi. Nchini Kenya, kamati ya mishahara ya Waafrika iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ilisema wazi mwaka 1954 kwamba ujira wa chini ulikuwa umekokotolewa kwa mahitaji ya kapera, ikapendekeza uelekezwe kwenye mahitaji ya mtu mwenye familia. Mshahara wa kapera kwa baba wa watoto watano uliwezekana kwa sababu moja tu: kulikuwa na mwanamke mahali fulani aliyejaza pengo hilo kwa jembe na kinu.

Hapa fundisho la Kanisa juu ya kazi linagusana na hoja ya mchumi. Tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891, Kanisa limesisitiza kwamba ujira wa haki hautazami mkono wa mfanyakazi peke yake. Papa Yohane Paulo wa 2, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alitaka ujira utoshe kuitunza familia, kazi ya mama ndani ya nyumba ithaminiwe upya na jamii, na taratibu za ajira zipangwe kwa namna isiyomlazimisha mwanamke kuiacha familia yake au kuadhibiwa kwa ajili yake. Lakini kuthamini huanza na kuona. Huwezi kuthamini upya kitu ambacho katika daftari lako hakipo.

Basi hoja ya Phyllis Deane iliishia wapi? Haikukubaliwa. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo wake wa hesabu za taifa, kazi iliyoongozwa na Richard Stone, na nchi baada ya nchi zikaufuata, zikiwamo zetu baada ya uhuru. Katika mfumo huo huduma ambazo watu wa nyumba moja hutendeana bila malipo ziliachwa nje. Deane mwenyewe alihamia Cambridge, akajenga jina kubwa katika historia ya uchumi wa Uingereza, na mwaka 1980 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza chama cha wachumi wa Uingereza, Royal Economic Society. Alifariki mwaka 2012. Stone alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 kwa kazi ya hesabu za taifa. Swali la binti aliyetumwa vijijini likabaki bila jibu.

Ni haki tuwasikilize pia waliomkatalia, kwani hawakuwa watu wa hila. Walisema kwamba kazi ya nyumbani haina bei sokoni, hivyo thamani yake ni ya kukisia. Walisema pato la taifa hutumika kupanga kodi na kupima mfumuko wa bei, na kazi isiyopita mikononi mwa fedha haina athari kubwa hapo. Na waliongeza, kwa ukweli kabisa, kwamba kama kila anayepika kwake atahesabiwa kuwa ameajiriwa, neno "ukosefu wa ajira" litapoteza maana yake.

Hoja hizo zina uzito, lakini hazitoshi. Zinatufundisha kwamba kazi ya nyumbani huenda ikahitaji ukurasa wake mwenyewe katika daftari. Hazitufundishi kwamba isiwe na ukurasa wowote. Ugumu wa bei nao una njia zake. Mwaka 1934 Margaret Reid, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani, naye akiwa mwanzoni mwa kazi yake ya uchumi, alitoa kipimo chepesi ambacho hata mtoto wa shule atakielewa. Jiulize: je, kazi hii ninaweza kumlipa mtu mwingine aifanye badala yangu? Kama jibu ni ndiyo, basi huo ni uzalishaji, hata kama ameufanya mama bila malipo. Kupika, kufua, kuteka maji, kulea, kuuguza, vyote vinaweza kufanywa na mtu wa kulipwa. Kula na kulala hakuna anayeweza kukufanyia. Kabla yake Arthur Pigou, mchumi wa Cambridge, alikuwa amekwisha kuonyesha kichekesho kilichomo katika hesabu hizi: bwana akimwoa mpishi wake, pato la taifa linapungua, ingawa chakula ni kile kile, jiko ni lile lile, na mpishi ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa halipwi.

Miaka ikapita, na swali likarudi. Mwaka 1988 Marilyn Waring, aliyekuwa ameingia bungeni New Zealand akiwa na umri mdogo na kuongoza kamati ya matumizi ya serikali, alichapisha kitabu kilichowashtaki watunga hesabu kwa kuwafuta wanawake. Mwaka 1993 mfumo wa Umoja wa Mataifa ulirekebishwa, na bidhaa zote ambazo kaya hujizalishia, pamoja na maji na kuni zinazoletwa nyumbani, zikahesabiwa kuwa uzalishaji. Huduma za kupika, kusafisha na kulea zikabaki nje. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanuni hiyo, mama anazalisha anapobeba ndoo kutoka kisimani, lakini akishaitua na kuanza kupika kwa maji yale yale, uzalishaji unakoma. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi wa dunia, waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubali kwamba yote hayo, ikiwamo kulea na kupika, yaitwe "kazi", ingawa neno "ajira" likabaki kwa kazi ya malipo au faida. Ilikuwa hatua kubwa. Tangu hapo anayesema "mama wa nyumbani hafanyi kazi" hapingani na padre wake tu, anapingana pia na lugha rasmi ya takwimu.

Na takwimu zenyewe zinasemaje? Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kila siku watu hutumia saa bilioni 16.4 katika kazi za matunzo zisizolipwa. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kwa siku bila mshahara. Wanawake walibeba zaidi ya robo tatu ya saa hizo: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, na wanaume saa 1 na dakika 23. Kwetu, Tanzania iliingiza maswali ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006, ikayarudia mwaka 2014. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021, ukaonyesha wanawake wanatumia katika kazi hizi muda unaokaribia mara tano ya ule wa wanaume.

Tafiti hizi ni kazi ya subira, na hapo ndipo ninapowafikiria wachumi vijana wa leo waliochagua kuchunguza jinsia, kazi na maisha ya familia. Mtafiti humwomba mtu aigawe siku yake ya jana katika vipande vidogo vya saa 24. Ulifanya nini saa kumi na moja alfajiri? Ulikuwa ukifanya nini kingine wakati huo huo? Swali la pili ndilo gumu, kwa maana mama anayemenya viazi huku akimchunga mtoto asiusogelee moto hutaja viazi na kumsahau mtoto. Kisha inakuja kazi ya kuweka thamani. Je, tutumie ujira wa mtu ambaye angeajiriwa kuifanya kazi ile, au ujira ambao mama mwenyewe angeupata kama angekwenda kazini? Ukifuata njia ya pili, ugali wa mwanasheria utakuwa na thamani kuliko ugali wa mkulima, ingawa sufuria mbili hizo ziko sawa. Kila uamuzi wa namna hii una maoni ya utu ndani yake, na mchumi kijana asidanganywe na yeyote kwamba anachagua kanuni ya hesabu tu.

Vijana hawa wana mtangulizi wa kuwatia moyo. Mwaka 2023 Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa maisha yote juu ya wanawake na kazi. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kurudi katika kumbukumbu za zamani za Marekani. Aligundua kwamba katika miaka ya 1890 makarani wa sensa waliandika "mke" mbele ya jina la mwanamke aliyeolewa na kuishia hapo, hata kama alilima shamba pamoja na mumewe au alifanya kazi ya malipo nyumbani. Alipozirekebisha hesabu, wanawake walioolewa waliokuwa wakifanya kazi walikaribia mara tatu ya wale walioandikwa. Historia nzima ya kazi ya wanawake ilibadilika sura kwa sababu mtu mmoja alikataa kuliamini jibu la mlangoni.

Nasikia pingamizi jingine, na hili hutoka kwa watu wema. Husema: "Padre, upendo wa mama hauna bei. Ukianza kuupigia hesabu, umeushusha." Ninawaheshimu wanaosema hivyo, nami nakubali kwamba hakuna fedha inayolingana na usiku mmoja wa mama aliyekesha na mtoto mwenye homa. Lakini kuhesabu ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Daktari huhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa ili aujue uzima wake, na hakuna anayedhani ameupangia moyo bei. Tena tuwe wakweli: mara nyingi anayesema kwamba kazi hii haina bei ni yule ambaye haifanyi.

Tazameni kinachotokea pale ambapo upendo umevunjika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya mwaka 1983 ambayo hukumu yake ilisomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ililazimika kujibu kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mahakama ikajibu kwamba ndiyo, ni mchango. Mwanamke aliyeleta kesi ile hakupata mgao, kwa sababu nyingine zilizohusu fedha alizokuwa amekabidhiwa na mumewe, lakini kanuni aliyoisababisha imewafaa wengi baada yake. Nchini Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inataja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba kuwa mchango, na Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisisitiza kwamba kila mmoja lazima authibitishe mchango wake. Sasa, mwanamke atathibitishaje miaka 30 ya kuteka maji? Anayejenga nyumba ana stakabadhi za saruji na mabati. Aliyewapikia mafundi hana stakabadhi.

Linanisikitisha jambo hili, kwamba katika nyumba zetu kazi ya mama huhesabiwa mara mbili tu: siku ndoa inapofika mahakamani, na siku mama anapozikwa. Siku ya mazishi ndipo mume hugundua kwamba anahitaji mtu wa kupika, mtu wa kufua, mtu wa kuwapeleka watoto zahanati na mtu wa kuwasikiliza. Watu wanne hao, kila mmoja na ujira wake, walikuwa mtu mmoja ambaye majirani walisema hafanyi kazi.

Wala tusidhani kwamba mshahara wa mke huliondoa tatizo. Nchini Denmark, nchi inayosifiwa kwa likizo za uzazi na vituo vya kulelea watoto, uchunguzi wa Henrik Kleven na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kipato cha wanawake na cha wanaume hufuatana vizuri hadi mtoto wa kwanza anapozaliwa. Hapo cha mwanamke kinaporomoka, na baada ya miaka mingi bado kiko chini kwa takribani asilimia 20 kikilinganishwa na cha mwanamume. Baba hapotezi kitu. Mtoto ni wa wawili, lakini gharama yake ya ajira hulipwa na mmoja. Kwetu binti zetu wengi wanaolipwa mishahara huanza zamu ya pili wanapofika nyumbani, na waajiri wengi hudhani zamu hiyo haipo.

Tufanye nini basi? Kwa waume nasema: karani wa sensa au mtafiti akija kwako, usijibu kwa niaba ya mke wako. Mwache aieleze siku yake mwenyewe tangu alfajiri, nawe usikilize, kwani huenda ukasikia mambo usiyoyajua ya nyumba yako. Ukiisha kuyasikia, chukua sehemu yako. Ndoo haiulizi jinsia ya anayeibeba.

Kwa wazazi nasema: jioni za mtihani tusimpe binti sufuria na kaka yake kitabu, kisha mwisho wa mwaka tukashangaa matokeo.

Kwa wanaopanga fedha za umma, wakiwamo waumini wetu waliomo katika halmashauri, nasema: kisima kilicho karibu, nishati nafuu ya kupikia, mashine ya kusaga kijijini na kituo cha kulelea watoto wadogo ni miradi ya uchumi. Ikiorodheshwa kama huruma kwa akina mama, itakuwa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Kila mradi wa kilimo unaoongeza kazi ya palizi unapaswa kueleza ni nani atakayepalilia, na atapata wapi saa hizo.

Na kwa vijana wetu walioko vyuoni wakisoma uchumi, nanyi mnaoambiwa kwamba masuala ya jinsia na familia ni mepesi na hayataijenga taaluma yenu, someni habari za Phyllis Deane. Alitumwa kuhesabu koloni, akaona kuni. Alishindwa kuwashawishi wakubwa wa wakati wake, na miaka 40 baadaye kuni zile zikaingia katika hesabu za dunia. Nendeni vijijini kwenu na madaftari yenu, ingieni ndani mkaulize, na msitoke hadi mmesikia siku nzima.

Nawatakieni nyote juma jema lenye amani katika familia zenu.

Ni mimi, Padre wenu.